Dalali wa Homa

Kabla sijawa mtu wa kulea watoto nilikuwa mtu wa kuuza makabati. Meza, vitanda, makochi yaliyokaliwa na watu wengine mpaka yakachoka: mimi nilivichukua, nikavipiga msasa, nikavipaka vanishi, nikaviuza kama vimetoka kwa fundi jana. Sokoni wananiita Mwisho Ngapi, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kupata jibu lake kwangu. Bei yangu ya mwisho haijazaliwa. Mtu akiniuliza namtajia bei, akinuna nashusha, akigeuka nashusha tena, akivuka barabara namfuata. Wenzangu wenye msimamo walifunga vibanda wakarudi nyumbani na msimamo wao. Mimi nilijenga nyumba.

Mke wangu ni kiumbe cha aina nyingine. Ukimpeleka kununua nyanya, bei ya kwanza anayotajiwa ndiyo analipa, kisha anasema asante. Miaka yote ya ndoa yetu nimemwambia, "Mama watoto, unanitia aibu sokoni." Naye hunijibu, "Wewe unanitia aibu kila mahali, mbona nimenyamaza?" Yeye alikuwa mlezi kwenye kituo cha watoto wadogo. Mwenye kituo alipozeeka akakifunga, mke wangu akaniomba stoo yangu iliyo nyuma ya soko ili afungue chake. Biashara ya makabati ilikuwa imelala, nikaona afadhali stooni walie watoto kuliko panya. Nikakubali, na papo hapo nikajipa cheo cha mkurugenzi.

Kazi yangu ya kwanza kama mkurugenzi ilikuwa kuleta samani. Nilileta kitanda cha mtoto cha mbao ngumu, chenye nguzo za kuchonga, mali ya watu wenye nafasi, na nilikipata kwa maneno matupu. Nikakisimamisha katikati ya chumba, nikangoja sifa. Mke wangu alichukua kopo tupu la soda akalipitisha kati ya nguzo mbili. Likapita kama mgeni anayejua njia.

"Unaona?"

"Naona kopo," nikasema.

"Panapopita kopo, panapita kiwiliwili cha mtoto, kichwa kikabaki ndani. Toa kitu chako."

Nilijaribu kumshawishi kwamba tungefunga kitambaa kwenye nguzo. Akasema kitambaa ndicho kingemziba mtoto pumzi. Nikamwambia basi tungechagua watoto wanene. Alinitazama vile anavyonitazama, nikakitoa. Mpaka leo kinakausha vitunguu nyumbani, na vitunguu havijawahi kulalamika.

Mengine aliyafanya mwenyewe. Ndoo za maji zikapata vifuniko vinavyobana, dawa zikapanda kwenye kabati la juu lenye kufuli, madirisha yakafunguliwa mpaka nikadhani tunauza upepo. Vitoto vikalazwa chali, bila mto, bila blanketi zito. Sakafu aliipekua kwa viganja kila asubuhi akitafuta vifungo na misumari, maana stoo yangu ilikuwa imetapika misumari miaka mingi. Na mimi? Mimi alinipa mlango.

Hapo ndipo alipokosea, na nasema hivyo kwa heshima zote. Aliona ninavyojua kuongea na watu, akasema nipokee watoto asubuhi. Kanuni alinifundisha vizuri. Mguse mtoto shingoni, mtazame macho, msikilize kifua, muulize mama: amelala? Amekula? Ametapika? Ameharisha? Mwenye homa arudi nyumbani, na asiletwe tena mpaka homa iwe imeondoka yenyewe, bila dawa, siku nzima. Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Ila wateja wetu wote walikuwa wanawake wa soko, na mwanamke wa soko ukimwambia sharti, anachosikia ni bei ya kuanzia.

"Huyu ana macho mekundu, dada," nilimwambia muuza mkaa siku moja. "Mrudishe, umlete baada ya siku tatu."

"Siku tatu, mzee? Macho yenyewe ni haya mawili tu. Tufanye moja."

"Moja haiwezekani. Mbili."

"Moja na nusu, na nitampitisha mlango wa nyuma."

"Haya, lakini asishike mwenzake."

Niliingia ndani nikijipiga kifua kwamba nimemkaba. Wiki ile nusu ya kituo ilikuwa na macho kama pilipili, na mmoja wao alikuwa mkurugenzi. Nilikaa nyumbani nikijiosha macho kwa maji ya vuguvugu, na bado nilimwambia mke wangu kwamba bila mimi muuza mkaa angemleta siku ileile.

"Kwa hiyo ulishinda," akasema.

"Nilishinda."

"Fungua macho basi uone kombe lako."

Fundi cherehani alikuja majira hayo. Mwanamke mkimya, mwembamba, mwenye tepu ya kupimia shingoni kama mkufu. Mtoto wake wa kike alizaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa ametoka hospitali na karatasi nyingi na kifua chepesi. Mume alikuwa akifanya kazi mbali, nyumbani hakuna wa kumwachia, na cherehani ilikuwa kwenye kibanda chenye vumbi la vitambaa ambalo daktari alimwambia mtoto asilivute. Nilimtajia ada yetu nikijiandaa kushusha. Hakuuliza mwisho ngapi. Aliniangalia akasema:

"Baba, mimi sitaki punguzo. Nataka neno moja. Mtoto wangu mafua ya wenzake kwake ni hospitali. Daktari amesema. Mwenye kikohozi na homa asilale chumba kimoja na huyu. Unaweza?"

"Hilo limekwisha," nikasema. "Hapa mwenye homa hapiti."

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Nilisikia akivuta pumzi.

Basi, siku chache baadaye, asubuhi ya baridi, akaja muuza samaki. Huyu mama namheshimu sana, na sababu ya heshima yangu ni hofu. Ana sauti ya kusimamisha mkokoteni. Alikuja mbio na binti yake wa miaka miwili, beseni kichwani tayari.

Nikamgusa mtoto shingoni. Baridi, safi. Nikatazama macho, yamelegea kidogo. Kwenye pembe ya mdomo palikuwa na kitu cha waridi kimekauka, chenye harufu tamutamu ya matunda ambayo hayapo kwenye mti wowote.

"Amekunywa nini?"

"Juisi."

"Alfajiri hii?"

"Mzee Mwisho Ngapi, umekuwa polisi? Mtoto wangu akinywa juisi unataka risiti? Samaki wangu wameshashuka, nipishe!"

Sasa sikilizeni. Nimepaka vanishi mbao zilizoliwa na bungua zaidi ya nusu ya maisha yangu. Najua kabisa kitu kinavyonukia kinapopakwa asubuhi ili kiuzwe kabla ya mchana. Na huyu mtoto alikuwa amepakwa. Dawa ya homa ilikuwa imemtuliza vizuri, anang'aa, hana joto, na ndani bungua yupo. Kama ningekuwa mnunuzi, meza ile nisingeichukua hata bure. Lakini nilikuwa muuzaji, na muuzaji hamfukuzi mteja mlangoni. Nikasema, "Pita."

Haikufika saa nne, rangi ikabanduka. Mtoto alikuwa anaungua, anakohoa kikohozi kizito, na alikuwa amelalia mkeka uleule aliolazwa binti wa fundi. Mke wangu akamnyanyua, akamhamishia kwenye kona karibu na dirisha, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo ndiyo sauti yake ya hatari, "Nenda kamwite mama yake. Sasa hivi. Simwachi mtoto huyu humu."

Nikaenda. Nilimkuta amezungukwa na wanunuzi, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nyusi.

"Mtoto ana homa. Umchukue."

"Mzee wangu, angalia beseni hili. Limejaa. Nikiondoka nani atauza? Wewe? Nikimaliza nakuja."

"Mke wangu amesema sasa."

"Mkeo anajua samaki? Samaki hawajui kama mtoto anaumwa. Adhuhuri."

"Saa tano."

"Saa tano na nusu, na nakuwekea mmoja mnono wa kwenda naye nyumbani."

"Saa tano na nusu."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ananingoja. Alitazama nyuma yangu, akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimerudi na makubaliano badala ya mama.

Hakupiga kelele. Aliniambia, "Dalali wa homa wewe," akajifunga kanga, akaenda sokoni mwenyewe. Alirudi na muuza samaki amemshika mkono, beseni limeachwa chini ya meza ya jirani. Mtoto akaondoka. Chumba kikaoshwa, mikeka ikaanikwa, vichezeo vikalowekwa kwenye maji ya dawa. Fundi alipokuja jioni, mke wangu alimweleza kila kitu, waziwazi, akamwonyesha dalili za kuangalia: akishindwa kunyonya, akipumua mbiombio, kifua kikibonyea chini ya mbavu, asingoje. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya kabati nikipanga viatu vya watoto kwa ukubwa.

Kifua kilibonyea. Fundi alimwona mapema, akamkimbiza hospitali. Tulipofika wodini asubuhi mtoto alikuwa na mpira mdogo wa hewa puani, umebandikwa kwa plasta shavuni, na mbavu zake zilikuwa zinafanya kazi ambayo mbavu za ukubwa ule hazikuumbiwa. Nilikuwa nimebeba machungwa. Nani ananunua machungwa kwa mtoto asiye na jino? Niliyakumbatia pale ukutani. Nilikuwa na maneno mengi njiani, maana maneno ndiyo mtaji wangu, na yote yalikuwa ya kupunguza: kwamba mafua yako kila mahali, kwamba hata sokoni angeyapata, kwamba yule mama alinidanganya. Fundi alikuwa amekaa, mkono mmoja ameuingiza ndani ya neti, kidole kimeshikwa na mtoto. Hakuniangalia.

"Uliniambia hapiti," akasema.

Yale maneno yangu yote yakashuka bei pale pale mpaka hayakuwa na thamani ya kuokota. Nikasema, "Ndiyo." Nikaweka machungwa chini, nikatoka. Njiani mke wangu alinipa somo fupi: "Yule mama aliuza samaki wake. Wewe uliuza mtoto wa mwenzio, tena kwa samaki mmoja." Na huyo samaki sikumpata.

Mtoto alipona. Nalisema mapema kwa sababu mimi mwenyewe sikuweza kukaa bila kulijua, nilikuwa napita wodini nikijifanya nina mgonjwa mwingine, mpaka muuguzi akaniuliza mgonjwa wangu anaitwa nani, nikasema "jirani." Alitolewa mpira, akaanza kunyonya, akarudishwa nyumbani. Lakini nyumbani hakukuwa na mtu, na fundi alikuwa na kazi za watu zimelundikana mpaka wenye vitambaa wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Sote tulijua: ama mtoto arudi kwetu, ama fundi afunge kibanda.

Akaja. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Niliingia na sura yangu ya msiba wa biashara, nikamwambia tutamlea bure mpaka atembee, tutampa kona yake, tutampa dirisha lake.

"Baba," akanikatiza, "sitaki kitu cha bure. Nataka utoke mlangoni."

"Nitoke?"

"Utoke. Akae mama. Wewe unapenda watu waondoke wamefurahi. Mimi sitaki afurahi mtu, nataka mtoto wangu apumue."

Mke wangu akasema, "Ameshatoka."

Hivyo ndivyo mkurugenzi alivyohamishiwa poti. Nasema bila kujigamba kwamba sasa ninajua kuosha poti kuliko mtu yeyote hapa sokoni. Unamwaga chooni, unasuuza, unasugua kwa sabuni, unaloweka kwenye maji ya dawa, unaanika juani, kisha unanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye vifundo, katikati ya vidole, chini ya kucha. Wanaume wenzangu walinibandika jina jipya, Mzee Poti. Muuza viatu alikuwa akinipigia saluti. "Mkurugenzi, leo umepata mavuno gani?" Nilimjibu kwamba mavuno ni mazuri, afungue mkono nimpimie.

Mlangoni, mke wangu hakuwa na bei. "Ana homa, mama, mrudishe." "Lakini dada..." "Mrudishe." Ilikuwa inauma kusikia, kama kusikia mtu anavunja sahani moja baada ya nyingine. Nami nikiwa nasugua poti zangu nikaanza kuona jambo ambalo yeye hakuliona. Wanawake walipungua kubishana, ndiyo. Lakini vile vijidomo vya waridi viliongezeka. Walikuwa wanapaka vanishi mapema zaidi, na kwa mkono mzuri zaidi. Mwingine alimfuta mtoto mdomo kwa limau. Mke wangu anajua magonjwa. Mimi najua wauzaji. Muuzaji hafichi bungua kwa ubaya. Anaficha kwa sababu ana mzigo, na mzigo hauna subira. Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, lakini beseni la samaki humuumbua mtu kabla ya adhuhuri.

Na fundi alikuwa amemrudisha mtoto kwa mashaka. Kila akipata nafasi alikuja dirishani, tepu shingoni, akahesabu vikohozi vya wenzake. Nilijua mtoto mmoja tu aliyepakwa vizuri akipita, hatutamwona tena fundi wala binti yake.

Kisha muuza samaki akaja. Nilimsikia kabla sijamwona. Safari hii hakuleta juisi, alisimama mbele ya mke wangu akasema kwa hasira ya mtu aliyeshindwa, "Ana homa. Sikumpa kitu. Nakwambia ukweli, sasa niambie nimpeleke wapi. Beseni hili nimelichukua kwa mkopo. Nikirudi nalo nyumbani nimekwisha."

"Pole, dada. Ndani haingii," mke wangu akasema.

"Ukweli wangu umenisaidia nini basi?"

Hapo poti ikaniponyoka mkononi. Sikusukumwa na huruma, msinipambe. Nilipiga hesabu ya haraka: mama huyu akirudi leo amepata hasara kwa kusema kweli, soko zima litajua, na kesho hakuna atakayesema kweli mlangoni kwetu.

"Nipe beseni," nikasema. "Wewe nenda nyumbani na mtoto. Nitauza mimi."

Walinitazama wote wawili kwa mara ya kwanza wakiwa na wazo moja.

"Wewe?" muuza samaki akasema. "Unajua samaki?"

"Najua kuuza."

"Nawa kwanza," mke wangu akasema.

Nataka niwe mkweli kuhusu siku ile. Nilidhani nitawafundisha kazi. Mnunuzi wa kwanza akashika samaki akauliza kama ni wa leo. Ulimi ukateleza kwa mazoea: "Huyu? Ametumiwa na mtu mmoja tu." Kicheko kilichozuka kilifika mpaka kwenye mkaa. Nilipotaja bei, watu walisogea kivulini, wakakaa. Sikuelewa. Kabati ukilikatalia leo, kesho lipo. Samaki ana wakili mmoja tu, naye ni jua, na jua lilikuwa upande wao. Walikuwa wananingoja nioze. Mimi, Mwisho Ngapi, niliyemfuata mteja ng'ambo ya barabara, nilikuwa nafukuza nzi kwa gazeti huku wateja wananitazama kama sinema.

Mama mwenye hoteli ndiye aliyenimaliza. Nilikuwa nimemuuzia meza zake zote, na nadhani zote zilikuwa zimeshavunjika.

"Mwisho ngapi?" akaniuliza, taratibu, akilionja kila neno.

Nikampa bei aliyoitaka. Ndiyo ilikuwa ya mwisho, ya kwanza maishani mwangu, na ilikuwa yake, si yangu.

Nilipeleka kilichopatikana nyumbani kwa muuza samaki. Alikuwa kibarazani, mtoto amelala mapajani na kitambaa chenye maji paji la uso. Alitazama mkononi mwangu, akatazama beseni tupu.

"Mzee, hata paka angeuza vizuri zaidi. Yule wa hoteli umempa?"

"Nimempa."

"Mungu wangu. Wote?" Akacheka mpaka mtoto akajinyonganyonga. Kisha akamgusa mtoto shingoni. "Imeshuka kidogo, lakini bado ipo. Kesho pia sitaweza kuja."

"Kesho nitakaa mapema, kabla ya jua."

"Na samaki umshike kwenye mashavu, siyo mkiani. Wekundu wa mashavuni ndio unauza." Alikuwa ananifundisha. "Muuza mkaa amepita hapa. Anauliza kama na mkaa unauza."

"Mwambie ndiyo. Lakini aseme kweli mlangoni, asinipakie mtoto rangi."

Nilirudi kituoni wakati watoto wanachukuliwa. Fundi alikuwa amekuja, binti yake begani, mnene kidogo sasa, anapumua kimya kama watu wote. Mke wangu alikuwa amemweleza habari ya beseni. Sijui nilitarajia nini. Nilinyoosha mkono kumgusa mtoto kishavu, na fundi akarudi nyuma hatua nzima.

"Unanuka samaki, baba. Kanawe."

Nikaenda bombani nikanawa, nikarudi. Akaninusa kwa mbali, akatikisa kichwa.

"Na sabuni," akasema.

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba maji peke yake, kwa mtu wa umri wangu, kwa siku kama ile, yangetosha. Mke wangu alikuwa ananitazama. Nikafunga mdomo, nikaenda kutafuta sabuni.